Kitambaa cha Kwanza

Jumamosi, 6 Juni 1992

Likizo imeanza. Nilikuwa nimejipangia vizuri: asubuhi fizikia, mchana karakana kwa Baba, jioni kusoma. Badala yake amekuja Kandida.

Ni binti wa shangazi. Miaka ishirini. Amemaliza fomu siksi, na sasa amemaliza mafunzo ya JKT, jeshini pale Oljoro. Anasubiri majibu ya chuo kikuu, na atayasubiria hapa kwetu Olasiti, kwa sababu huko Kibosho, anasema, hakuna la kusubiri zaidi ya kahawa kuiva. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Mimi nimekuwa nikisema maneno ya namna hiyo kichwani mwangu miaka yote na hakuna aliyecheka, kwa kuwa yamebaki humohumo kichwani.

Amewekewa kitanda chumbani kwangu. Alitazama vitabu vyangu, akauliza kama nimevisoma vyote. Nikasema ndiyo. "Basi nikiwa na swali nakuamsha, Profesa."

Ni mtu mwema. Ningependa asiwe.

Anamwita Mama "mama". Si mke wa mjomba. Mama.

Jumatatu, 8 Juni

Niandike kazi yangu ni ipi, ili ijulikane ni yangu. (Ijulikane na nani? Na mimi.)

Baba ni fundi wa bunduki. Alikuwa kwenye shirika la umma mpaka miaka mitatu iliyopita walipopunguza watu, naye akapunguzwa. Mama alilia wiki nzima. Kumbe makampuni ya uwindaji ya watu binafsi yalikuwa yanaota kama uyoga, na yote yana bunduki, na bunduki zote zinaharibika. Sasa Fundi Ndesanjo anajulikana kuliko alipokuwa na mshahara. Karakana yetu ni chumba cha uani: mlango wa chuma, kufuli mbili, kibali kimebandikwa ukutani.

Bunduki ikija, mimi ndiye ninayeipokea. Ninaandika kwenye daftari: ya nani, nani kaileta, inalalamikiwa nini. Halafu ninapitisha kitambaa cha kwanza. Yaani ninachukua ufito mrefu, ninafunga kitambaa chenye petroli kidogo, ninausukuma ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi mdomoni, mara tatu, kutoa uchafu wote wa porini. Baba hagusi bunduki chafu. Ni sheria yake tangu shirikani. Ikishakuwa safi ndipo inapanda mezani kwake.

Kisha tunaenda kuijaribu kule chini kwenye machimbo ya moramu. Baba analala nyuma ya vifuko vya mchanga, anapiga. Mimi ninapima matundu kwa rula na kuandika. Nimeandika tangu darasa la saba. Madaftari manne. Kupiga sijawahi. "Ukimaliza fomu foo," anasema siku zote.

Leo Kandida alitufuata machimboni "kunyoosha miguu". Baba akamuuliza JKT walipiga nini. Akaeleza. Akasema alikuwa wa kwanza kombania nzima, wavulana wakiwemo, na afande alikataa kuamini akamrudisha apige tena. Baba akamtazama. Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, akasogea pembeni.

"Hebu," akasema.

Hebu! Mimi miaka mitatu, yeye siku mbili. Sawa, yeye amemaliza fomu siksi. Ninajua kuhesabu.

Risasi tatu, hatua mia. Nilipima mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Matundu yote matatu yanafunikwa na kizibo kimoja cha soda. Baba akasema taratibu, kama mtu kanisani: "Una pumzi ya marehemu mama. Alikuwa hivyo hivyo, hatikisiki."

Marehemu bibi aliitwa Agnela. Mimi ndiye niliyepewa jina lake.

Jumatano, 10 Juni

Nina kitabu cha Kiingereza kuhusu bunduki. Hakina jalada, mgeni mmoja wa uwindaji alikiacha. Nimekisoma mara tatu na kamusi pembeni.

Watu wanafikiri bunduki nzuri ni ile inayogonga katikati. Sivyo. Ni ile inayogonga palepale. Ikigonga palepale, hata kama ni pembeni, unazungusha skrubu ya darubini ya kulengea na kundi zima la matundu linahamia katikati. Kazi ngumu ni ile inayotawanya. Hapo unajiuliza: ni nini kinachobadilika kati ya risasi moja na nyingine? Mbao ya kitako imevimba kwa unyevu inaugusa mtutu? Skrubu imelegea nusu mzunguko? Mdomo wa mtutu una kovu, hata dogo kama alama ya kucha? Risasi zimetoka maboksi mawili tofauti? Mtutu umepata moto? Bega limesukuma? Bunduki haina akili. Ina mazoea tu. Ukiipa yaleyale, inakurudishia yaleyale.

Leo wakati wa kula nilijikaza nikaanza kuyasema haya. Nilifika kwenye mbao. Kandida akasema, "Profesa, sisi afande alitufundisha mstari mmoja tu. Vuta pumzi, toa nusu, kata, na triga isijue unataka nini."

Baba alicheka hadi akaweka kijiko kwenye sahani ya kiburu. "Hilo hata vitabuni halimo."

Limo. Ukurasa wa sitini na mbili.

Ijumaa, 12 Juni

Amekuja Hans Sumari. Ni Mmeru wa upande wa Momela, mwindaji mwenye leseni ya kuongoza wageni — wapo wachache weusi wenye nayo, na Baba humpokea kwa kuvaa shati safi. Alikuwa na Sironka, mfuata nyayo wake, Mwarusha mzee kidogo, mkimya, masikio yametobolewa na kuning'inia.

Sumari alipokea kwa Sironka bunduki yake ya 375, akaiweka kwenye meza yangu ya kupokelea kwa mikono miwili. "Fundi, hii inanitia aibu. Risasi ya kwanza inapanda juu. Ya pili na ya tatu zinaenda ninakotaka."

"Inapanda kiasi gani?"

"Kiganja. Msimu uliopita mgeni alilenga bega la nyati, ikapita juu ya mgongo. Bahati ilimkimbilia yule nyati, akakimbia nayo."

"Si mgeni aliyeyumba?"

"Nikapiga mimi. Nikayumba na mimi?"

Baba akacheka, lakini aliona haya kidogo. Msimu unafunguliwa tarehe moja Julai. Ameahidi kuimaliza.

Nilimpa Sironka shikamoo. "Marahaba, binti Ndesanjo. Iangalieni vizuri. Nimeilisha mwenyewe." Nilidhani anatania.

Nikapitisha kitambaa cha kwanza. Kilitoka na bonge jeupe la mafuta. Kikanuka kama jikoni siku ya Pasaka. Nikakitupa kwenye debe kama kawaida. Nikaandika: H. Sumari, 375, imeletwa na Sironka, ya kwanza yapanda.

Jumanne, 16 Juni

Siku ya aibu. Niandike upesi niimalize.

375 haina kosa. Asubuhi nne mfululizo Baba na Kandida wameipiga mtutu ukiwa bado wa baridi, na risasi ya kwanza inakaa pamoja na wenzake. Baba anakuna kichwa. Ugonjwa unaojificha mbele ya daktari, anasema.

Tulipomaliza leo, Kandida akamwambia Baba, "Mjomba, mpe na huyu. Anaandika matundu ya watu kila siku, apate ya kwake." Baba akasema fomu foo. Kandida akasema, "Kwani risasi itamuuliza cheti?" Baba akakubali.

Miaka mitatu nimeomba. Yeye ameomba mara moja, tena si kwa ajili yake.

Nilipewa ile ndogo ya 22. Ninajua kila kitu. Shavu kwenye kitako, bega limelegea, pumzi nusu. Nilivuta triga. Nilifumba macho kabla ya mlio. Ninajua nilifumba. Ya kwanza ilipiga ukingo wa moramu, ya pili hatukuiona, ya tatu ilikata kona ya karatasi.

"Ile ya tatu imepiga hodi," alisema Kandida. Alikuwa ananichangamsha. Baba alichukua daftari mkononi mwangu akaandika yeye mwenyewe, kwa hiyo sasa kuna mwandiko wa Baba kwenye daftari langu: A., 22, tatu, hakuna kundi.

Alhamisi, 18 Juni

Wameifungua 375. Ninasema "wameifungua" kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni.

Kuna njia ya Baba ya kujua kama mbao inaugusa mtutu. Anapaka mtutu masizi ya kibatari, anaulaza kwenye kitako, anakaza skrubu, anafungua. Palipogusa pana alama nyeusi. Siku zote mimi ndiye ninayeshika kibatari. Leo alishika Kandida. Walikuwa wameinamisha vichwa pamoja, wananong'ona kama wanaotega ndege.

"Agnela, tuletee msasa laini."

Nikapeleka msasa laini.

Wamekuta alama ndogo, kama punje ya mahindi. Wamekwangua. Baba amesema hapo ndipo ugonjwa ulipo, mbao inavimba kwa umande wa porini, inausukuma mtutu wa baridi. Kandida akasema alijua tu. Alijuaje? Wiki iliyopita hakujua kwamba mtutu na kitako ni vitu viwili.

Sikuamini ile punje. Nilikaa kitandani nikiwa sijui kwa nini siiamini. Labda ni wivu. Nadhani ni wivu. Lakini pia si umande: bunduki nyingine nazo zinapata umande.

Jumamosi, 20 Juni

Nimeijua. Nimeijua peke yangu.

Mama na Kandida walikwenda soko la Kwa Mrombo. Nikatandaza madaftari yote manne sakafuni. Nikatafuta "ya kwanza yapanda". Nimekuta mara nne kwa miaka mitatu. Bunduki mbili tofauti, zote za kambi ya Sumari. Nikaangalia safu ya "nani kaileta". Sironka. Sironka. Sironka. Sironka.

Halafu nikakuta Machi mwaka jana. Nimeandika: "Baba ana haraka, hakungoja kitambaa." Bunduki aliyoleta Sironka. Tundu la kwanza liko juu kwa vidole vitano. Mengine yote pamoja. Chini yake nimeandika alivyosema Baba: "Huyo ni mimi, nimeyumba."

Hakuyumba.

Mwarusha hupaka chuma mafuta ya kondoo. Mkuki, sime, kila kitu. Hata watoto nimewaona wakifanya. Sironka anaipaka bunduki kama anavyopaka mkuki wake, nje na ndani. Mtutu umejaa mafuta. Risasi ya kwanza inapita kwenye mafuta, inaondoka kwa namna nyingine, inakwenda kwingine. Inawasafishia wenzake njia. Kwa hiyo ya pili na ya tatu ni sahihi. Na ikifika kwetu, kabla Baba hajaigusa, mimi ninapitisha kitambaa. Mimi ndiye ninayeufuta ugonjwa kila mara, halafu ninampelekea daktari mgonjwa mzima.

Nilicheka peke yangu. Nilikwenda karakana mbio na daftari la pili. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Baba alikuwa ameshapata mgeni wa kuongea naye — Mama na Kandida walikuwa wamerudi. Kandida alikuwa amekaa kwenye stuli yangu. Baba anamfundisha kuzungusha skrubu za darubini, mkono wake juu ya mkono wa Kandida. "Ningekuwa nimezaa mmoja kama wewe," alikuwa anasema, "hii karakana isingefungwa nikifa."

Hawakuniona. Nimerudi na daftari.

Jumatatu, 22 Juni

Sironka alileta ujumbe kwamba Sumari atakuja Jumamosi. Nilimngojea getini, nikamuuliza. Nilitaka uhakika tu.

"Ndiyo, kila jioni kambini, baada ya chakula," akasema. "Mafuta ya mkia wa kondoo. Chuma kisichopata mafuta ni mtoto aliyelala na njaa."

"Na ndani?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye sijawahi kwenda shule. "Tumbo liko wapi, binti Ndesanjo? Liko nje?"

Anafanya kwa upendo. Bunduki ya Sumari hamwachii mtu mwingine.

Nimefikiri hivi. Jumamosi watajaribu, itakuwa safi, itapiga vizuri, wataichukua. Kambini italishwa. Ya kwanza itapanda. Itarudi na malalamiko yaleyale, na Baba ataona ile punje ya mahindi ilikuwa bure. Kandida atakuwa ameshakwenda chuo. Hapo nitafungua daftari la pili na kumwonyesha, mstari kwa mstari. Ni kungoja tu. Sitasema uongo wowote.

Jumatano, 24 Juni

Sikusema. Nimesoma kemia saa nne, sikumbuki hata fomula moja.

Jumamosi, 27 Juni

Sumari amekuja. Kandida ndiye aliyepiga mbele yake. Ya kwanza palepale, ya pili palepale, ya tatu palepale. Sumari akachukua karatasi akaitazama kama picha ya harusi.

"Fundi, huyu umemtoa wapi?"

"Damu yetu," Baba akasema.

Na Sumari akasema anamtaka kambini, upande wa Longido, wiki tatu za mwanzo wa msimu. Wageni wanafika na bunduki zao zimegongwa njiani kwenye ndege, kila moja lazima ijaribiwe kabla ya kwenda porini, na yeye hana mtu wa kazi hiyo. Mama akasema msichana kambini hapana. Sumari akasema mke wake, Ruth, ndiye msimamizi wa kambi, na Kandida atalala hema moja na wapishi wa kike. Mama akamtazama Kandida. Kandida akasema, "Mama, nimelala Oljoro na makuruta mia mbili, nitaogopa fisi?"

Basi. Anakwenda.

Usiku huu amekaa kitandani kwake akasema, "Profesa, nifundishe ile kazi yako ya kitambaa. Mimi sijawahi kuifanya. Huwa unaipitisha saa ngapi?"

Hapa niandike kweli.

Ilikuwa ni kazi pekee iliyobaki yangu. Nilimwambia, "Ni uchafu tu. Jioni wakirudi porini, mara tatu. Inatosha."

"Asubuhi je?"

"Asubuhi haina haja."

Akaandika kwenye kikaratasi: jioni x 3. Akanishukuru.

Sironka anailisha 375 baada ya chakula cha jioni, kitambaa kikishapita.

Jumanne, 30 Juni

Wameondoka alfajiri. Kandida alinikumbatia, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Akaninong'oneza kwamba ameshamwambia mjomba Desemba niende mimi kambini, yeye atakuwa Dar. "Nimemwambia bunduki inaweza kuzoewa, akili yako haipatikani dukani."

Kwa nini anafanya hivi.

Stuli yangu iko wazi. Nimeikalia mchana kutwa. Baba aliniita "Kandida" mara mbili kwa kusahau.

Jumatano, 1 Julai

Msimu umefunguliwa. Baba ana furaha, ana wasiwasi, anatembea uani. Jioni alikaa nami barazani, jambo ambalo halifanyi sana. Nilidhani ataniuliza kuhusu mitihani.

Akaanza kuniambia habari ya mwaka sabini na tisa, shirikani. Kulikuwa na mfuata nyayo aliyeitwa Parsimei. Bunduki ilitoka mikononi mwa Baba. Skrubu moja ya darubini ililegea njiani. Hakuna aliyeijaribu tena. Mgeni akalenga bega, risasi ikachukua nyama ya juu ya mgongo. "Nyati aliyekosewa kabisa anakimbia," Baba akasema. "Nyati aliyekosewa kidogo anazunguka, anasubiri kwenye nyasi. Na anayetangulia kwenye nyasi si mwenye bunduki. Ni anayesoma nyayo." Walimkuta Parsimei. Baba alikwenda kwenye mazishi, na mpaka leo kila mwaka anapeleka sukari na blanketi kwa mjane, na mjane anapokea, na hajawahi kumwambia neno.

"Ndiyo sababu siwapi watu bunduki mpaka niwe na hakika," akasema. "Na ndiyo sababu nilikuwa sikupi wewe. Si kwamba huwezi. Nilikuwa sitaki ubebe mzigo kama huu."

Halafu akaongeza, ametulia kabisa: "Sumari ameniambia Kandida atatoka nao siku ya kwanza ya nyati. Ataibeba darubini ya mkononi. Nimekubali. 375 ile ninaiamini."

Niliuliza lini. Akasema kesho au keshokutwa, nyayo zikipatikana.

Nilisema ninaumwa kichwa. Nimeingia ndani. Nimeandika haya na bado sijamwambia. Anasikika anafunga kufuli za karakana, ya kwanza, ya pili. Nikitoka sasa hivi atauliza nimejua lini. Daftari hili lina tarehe. Mimi ndiye niliyeziweka.

Alhamisi, 2 Julai

Ninaandikia kwenye benchi, ofisi ya kampuni ya Sumari, mjini karibu na Mnara wa Saa. Saa saba na robo mchana.

Nilimwambia asubuhi, saa kumi na mbili, alipokuwa ananawa uso. Nilimpa daftari la pili na la nne, na hili langu nikalifungua kwenye tarehe ishirini. Nilisema yote, na kitambaa cha jioni pia, na "asubuhi haina haja". Aliyasoma amesimama, sabuni shavuni. Alisoma safu ya Sironka kwa kidole. Alisoma Machi. Aliniuliza swali moja tu.

"Ishirini Juni?"

"Ndiyo, Baba."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alifuta sabuni kwa mkono wa shati akasema, "Vaa viatu."

Kambi hufungua redio saa sita kamili tu, kuokoa betri. Tulifika saa mbili tukangoja. Kijana wa redio, Nathanael, alitupa chai, Baba hakuigusa. Saa sita akaita, akaita, akajibiwa na Ruth. Sauti yake ilikuwa kama inatoka ndani ya debe. Akasema wametoka tangu alfajiri. Nyayo mbichi za dume mmoja. Sumari, mgeni, Sironka, Kandida. Bunduki gani? Ile ile. Ya mgeni ilikuwa bado haijakaa sawa, kwa hiyo mgeni amepewa 375.

Nathanael akamtazama Baba aseme. Baba akachukua kile kipaza sauti, akanishikisha mimi.

Kambi zote za upande ule husikiliza saa sita. Mimi ambaye darasani siinui mkono. Nilibonyeza. Nilisema jina langu. Nikasema mtutu wa 375 una mafuta ya kondoo ndani, risasi ya kwanza itapanda kiganja, wasipige kabla ya kupitisha kitambaa. Ruth akasema rudia. Nikarudia. Akauliza, "Mmejuaje leo?"

Nikasema, "Si leo. Nimejua tangu tarehe ishirini."

Redio ilikwaruza tu. Halafu Ruth akasema anatuma gari la pili lifuate alama za matairi mpaka walipoacha gari, kutoka hapo dereva akimbie kwa miguu. Akasema tusizime. Hiyo ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili.

Baba amesimama dirishani amenipa mgongo. Daftari la pili liko kwapani mwake. Nathanael ameongeza sauti, ni mkwaruzo mtupu. Kuna kambi moja iliingia kuulizia matairi, akaifokea watoke hewani.

Sasa hivi Nathanael amemuuliza Baba, kwa sauti ya chini, huyo msichana aliye huko porini ni nani wake.

"Mwanangu," Baba amesema.

Na hata hapa, hata saa hii, neno hilo limenichoma. Nimelisikia likinichoma. Ninaliandika kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nimechoka kunyamaza. Mungu wangu, arudi. Arudi akae kwenye ile stuli.

Redio imelia. Si Ruth, ni sauti ya mwanamume, anahema. Nathanael ameinua mkono tunyamaze. Baba amegeuka, na mimi ninaweka kalamu chini nisikilize.